Bega la Kwanza ni la Fundi

Mwanangu, siku ile naikumbuka kuanzia pale mdogo wangu Masalu alipokuwa chali kwenye nyasi, na bunduki imepasuka kama muwa uliokanyagwa na ng'ombe. Nilikuwa kando yake. Nikadhani vumbi limeniingia jichoni, nikawa nafikicha. Kumbe jicho lenyewe ndilo limekwenda. Masalu alikata roho kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali.

Sasa nikurudishe nyuma, maana jambo halianzi pale linapolia.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Kiwanda cha serikali kimeuzwa, watu wamepunguzwa kazini, na kila aliyepunguzwa akawa fundi. Sospeter alikuwa mfunga mashine huko kiwandani. Alipotolewa akafungua karakana mtaa wa Kirumba, akawa anatengeneza majiko, mageti, baiskeli. Alitengeneza vizuri, simnyimi haki yake. Lakini jiko si bunduki.

Mjomba wetu Bundala alikuwa na shotigani ya zamani, ya kibali, aliyoachiwa na baba yake. Viboko walikuwa wanatoka ziwani wanamaliza mpunga wake, na zile risasi ndogondogo kwao zilikuwa kama kumwagiwa mtama. Akampelekea Sospeter aigeuze iwe raifo ya mitutu miwili, ya kupiga risasi moja kubwa, kama alizowahi kuziona kwa Wazungu wa kuwinda. Sospeter akachukua mabomba kwenye vyuma chakavu vya kiwanda, akachomelea, akapiga msasa. Iling'aa kweli. Mimi niliyeishia darasa la nne niliipenda.

Kwetu kuna desturi, hata wahunzi wa magobole waliishika: bunduki ikitoka kwa fundi, bega la kwanza ni la fundi, yaani yeye ndiye anayepiga risasi ya kwanza. Haombwi, anajua mwenyewe.

Tukaenda kuipokea shambani kwa Sospeter nje ya mji, Mjomba, Masalu na mimi.

"Shikamoo, fundi," Masalu akasema.

"Marahaba. Huyu ndiye mwindaji? Mbona mwembamba hivi? Kiboko si atamfanya kijiti cha meno!"

Tukacheka wote. Kisha Sospeter akainyanyua bunduki, akaitazama kidogo, akampa Masalu kwa mikono miwili. "Shika, kijana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikauliza, "Fundi, si unaanza wewe?"

Mjomba akanikatiza. "Acha ushamba wewe! Mtu anakupa heshima, unamrudishia?"

Sikuuliza tena, nikasimama kando ya Masalu. Sospeter akasogea mpaka nyuma ya jabali, eti anatafuta kivuli. Kulikuwa na mawingu.

Methali ile watu huisema mlangoni kwa furaha, mgeni aje na wenyeji wale vizuri. Siku hiyo ilitimia neno kwa neno. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona.

Polisi walisema ajali. Mjomba Bundala akawaambia Masalu aliishika vibaya, na alijua anadanganya, maana desturi ile ni yeye aliyetufundisha. Naye ameshakufa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sospeter yupo, amehamia mtaa wa Pasiansi, anachomelea madirisha, na kanisani hukaa benchi la mbele.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akikupa heshima mahali ambapo alitakiwa kutimiza wajibu wake, usiipokee haraka. Mpishi aonje chungu chake, mwenye mtumbwi aingie kwanza, ndipo nawe. Ukiuliza ukanyamazishwa, uliza tena. Wakuite mshamba, wakuite mkorofi, majina hayatoboi mtu. Mungu akupe ulimi usioona haya mbele ya wakubwa, akulinde na mikono ya watu wanaokukaribisha, akurudishe nyumbani mzima kila utokapo.

Na wewe Sospeter, najua haya yatakufikia. Usinitumie mchungaji tena kuniambia ni mapenzi ya Mungu. Mama yetu, aliyemzaa Masalu, yu hai, yuko Buhongwa, na hajawahi kukuona uso. Njoo mchana, watu wakiwepo, ukae mbele yake umwambie ulijua nini kuhusu yale mabomba.