Mchele wa Kunukia Katika Nyumba ya Eda

Kiswahili kimetenga kunukia na kunuka kwa herufi moja tu, na mimi, niliyefundisha sarufi na fikihi kwa miaka arubaini na sita, nilidhani naujua umbali uliopo baina ya maneno hayo mawili. Sikuujua. Nimeujua mwaka huu, katika ghorofa ya pili ya nyumba moja ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, nikiwa na tonge la wali mdomoni ambalo sikuweza kulimeza, wala, kwa kuwaonea haya wenyeji, kulitema. Mwishowe nililitema. Kinyaa cha tonge lile hakijanitoka hata leo.

Mwenye nyumba ni Bi Tasneem binti Suud, mjane wa Abdulswamad, fundi wa saa. Si mtu mashuhuri. Hakupata kuvuka Magogoni ila kwa maziko, na Feri huenda pale tu anapotaka samaki ambaye bado jicho lake linang'aa. Lakini katika mitaa hii yetu, kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, haikupikwa karamu ya harusi wala hitma bila mtu kuuliza kwanza: "Mchele umechaguliwa na nani?" Akijibiwa kuwa umechaguliwa na Bi Tasneem, hunyamaza, akaenda kunawa mikono.

Elimu hiyo aliirithi kwa baba yake, mzee Suud, aliyekuwa na duka dogo la nafaka. Bi Tasneem hakusikiliza jina lililoandikwa kwenye gunia. "Juu ya gunia ni maneno," alikuwa akisema, "mchele uko chini." Basi alitia mkono hadi kiwiko, akatoa konzi ya chini kabisa, akatazama chenga ni ngapi na punje nzima ni ngapi. Kisha akatafuna punje mbili mbichi. Punje njema huvunjika kwa mlio mkavu, haibonyei. Mwisho aliikusanya konzi katika viganja viwili, akaipulizia pumzi yake ya moto, na hapo tu ndipo aliponusa. Mchele wa kunukia wa kweli, alisema, umelala. Huamka ukipata joto. Unaopiga kelele za harufu tangu mlangoni, huo alikuwa na shaka nao.

Na alijua kuupika. Aliuchambua kwa ungo, akauosha maji matatu, akauloweka kwa muda wa mtu kusali na kuleta uradi, akapima maji kwa pingili ya kwanza ya kidole, na yalipokauka akaupalia makaa juu ya mfuniko. Bizari hakutia. "Kumwagia bizari mchele unaonukia," alimwambia siku moja mpishi wa pilau aliyejitapa mbele yake, "ni kumvisha bibi harusi gunia."

Lililokuwa halijulikani na yeyote ila mumewe ni hili: miaka miwili nyuma homa ilimlaza Bi Tasneem siku kumi na mbili, na alipoinuka pua yake ilikuwa imekufa. Maziwa yaliungua jikoni naye amesimama kando yake. Aliogopa. Kwa mwanamke ambaye heshima yake yote mtaani imekaa puani, kusema neno hilo ni kuukabidhi mwiko kwa wengine na kwenda kukaa pembeni. Kwa hiyo akawa anachagua kwa mkono na meno, kisha akipanda ngazi na konzi iliyofungwa katika ncha ya leso. Abdulswamad huitoa jichoni ile lenzi yake ya kutazamia saa, hunusa, husema neno moja: "Ndiyo." Au: "Siyo." Watu wakaendelea kuisifu pua ya Bi Tasneem, na pua ilikuwa ya fundi wa saa.

Abdulswamad akafariki mwezi wa Rajabu. Bi Tasneem akaingia eda: miezi minne na siku kumi asitoke nyumbani ila kwa dharura, asijipambe, asijitie manukato. Hitma ya arubaini ikakaribia, na kwa mara ya kwanza katika umri wake mchele wa karamu iliyo yake ukachaguliwa na mtu mwingine. Aliyeuagiza ni wifi yake Zulekha, dada wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya kutosha nyumba tatu. Alimpigia simu Hussam, muuza mchele maarufu sokoni, naye akaleta gunia kwa mkokoteni siku ya thelathini na saba. Ngazi nzima ilinukia. Majirani walifungua milango kuvuta hewa.

Kesho yake, Ijumaa, tangu alfajiri, Bi Tasneem alikaa roshani akiuchambua mchele ule peke yake. Aliona kitu. Viganja vyake vilitoka vikiteleza, kana kwamba ameshika chupa ya mafuta. Alitaka kusema, akajizuia: angemkataliaje wifi mchele ambao nyumba nzima imeusifu, bila kuulizwa, "Kwani wewe huisikii harufu hiyo?" Akaurudisha guniani, akafunga, akanawa mikono kwa maji na sabuni, akaingia chumbani kupumzika.

Zulekha aliingia moja kwa moja chumbani. Akainama kumkumbatia wifi yake, kisha akajitoa ghafla kama aliyeshika chuma cha moto.

"Wifi, umejitia nini mwilini?"

"Nimejitia uchovu. Kwani kuna nini?"

"Uchovu haunukii hivi! Lete hicho kikono cha nguo. Yarabi! Marashi!"

"Mimi? Nanukia marashi?"

"Eti 'nanukia marashi?' Jamani njooni mumsikie! Kaka yangu arubaini haijatimia mchangani, na mkewe ananukia kama bibi harusi wa Upanga!"

Wanawake waliokuwa sebuleni wakaja. Wakakinusa kikono cha nguo mmoja baada ya mwingine, kama wanunuzi wakaguao kitambaa, na mmoja wao, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kumsitiri, akacheka: "Basi mwenzetu kashapata wa kumpoza." Neno hilo likateremka ngazi kabla ya sala ya Ijumaa kusaliwa. Ilipofika alasiri nilikuwa nimeitwa mimi, kwani ndimi niliyemsalia marehemu, na ndimi nitakayeongoza hitma. Nililotakiwa kuamua ni moja: je, mjane huyu amevunja eda ya mumewe au hakuivunja?

Niliketi sebuleni, yeye alikaa chumbani, na kati yetu pazia. Harufu ilipita katika pazia. Ilikuwa tamu, nzito, ya kunata kooni, na nakiri mbele ya Mola wangu kwamba nilimdhania ubaya. Niliona karaha. Nilijiambia kuwa huu ndio mji tulionao, hata kifo hakiheshimiwi.

"Shikamoo, Maalimu," sauti ilisema nyuma ya pazia.

"Marahaba, binti Suud. Umeyasikia yanayosemwa?"

"Nimeyasikia. Nami nina swali kabla ya lako. Harufu hiyo ikoje? Nieleze."

"Unaniuliza mimi harufu ya nguo zako mwenyewe?"

Zulekha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaguna.

"Nakuuliza kwa sababu siisikii," alisema Bi Tasneem. "Hiyo siisikii, na nyingine siisikii. Huu mwaka wa pili pua yangu haisikii harufu ya kitu chochote."

"Muongo!" Zulekha akaruka. "Maalimu, huyu kabla ya msiba tu kachagua mchele wa harusi ya jirani yetu Zeina, watu wakalamba mpaka sahani! Huo aliuchagua kwa masikio?"

"Mkono uliouchagua ni wangu, wifi. Aliyenusa ni kaka yako."

Zulekha akauacha mlango, akaketi.

Nikamuuliza Bi Tasneem ameshika nini siku ile. Akasema: mchele, tangu alfajiri, na akaeleza kuhusu viganja vilivyoteleza. Nikaomba gunia liletwe. Nilipolifungua nilitia mkono, nikautoa, nikaupeleka puani. Na harufu ilikuwa ile ile ya kikono cha nguo, ile ile iliyopita katika pazia. Nikaamuru kipikwe kibaba kimoja, palepale, kwa yale maji matatu na yale makaa juu ya mfuniko, ili neno lisibaki.

Mfuniko ulipofunuliwa mvuke ulitoka, na mvuke ule haukuwa wa chakula. Ulikuwa na sabuni ndani yake, na mafuta ya nywele yaliyochemshwa, na chini kabisa, mahali ambapo mchele wenyewe ulipaswa kuwa, palikuwa na uvundo wa ghala lililovuja. Utamu wote uliruka na moto. Uliobaki ni ule uliokuwa ukifichwa. Nikatwaa tonge. Hapo ndipo nilipo mwanzoni mwa maneno haya: tonge mdomoni, utando wa mafuta juu ya ulimi, na macho yakinitoka machozi. Nililitemea katika kitambaa changu, nikaenda kusukutua mara saba, na bado.

Zulekha alinusa sufuria. Akainusa mikono yake mwenyewe, aliyobebea ule mchele hadi jikoni. Kisha akaenda nyuma ya pazia, na sikusikia alichosema, kwa sababu alikisema kwa sauti ndogo.

Hukumu niliitoa mbele ya wanawake wale wale walionusa: hakuna lawama juu yake, hakujitia, hakukusudia, hakujua, afue nguo zake. Kisha nikafunga konzi ya mchele ule katika karatasi, nikaenda sokoni.

"Maalimu wangu!" Hussam nusura anikumbatie. "Karibu, karibu sana. Arubaini inaendaje?"

"Mchele huu umeutia nini?"

"Huo? Huo super, Maalimu, kitu cha Kyela chenyewe."

"Nimekuuliza umeutia nini, sikukuuliza umeuitaje."

Akacheka, wala hakuona haya. "Maalimu, Bongo hii watu wananunua kwa pua. Ukiwawekea mchele wa ukweli wanakwambia, 'Mbona haunukii?' wanavuka kwa jirani. Sasa mimi nifanyeje? Ni arki tu, ile ile ya keki, na kijimafuta kidogo ung'ae. Keki si unakula?"

Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa wazi. Mchele ulikuwa umemwagwa juu ya turubai, na mtu mmoja akiutembelea kwa miguu mitupu akiupindua kwa koleo, huku begani amening'iniza bomba la kupulizia. Ubavuni mwa bomba lile palikuwa na picha ya mende.

"Bomba lile," nilisema, "ni la dawa ya wadudu."

"Tumeliosha, Maalimu."

Tumeliosha! Nimeishi miaka sabini na nne; nimeosha maiti kwa mikono yangu, nimekaa na wagonjwa ambao jamaa zao waliwakimbia, na sikupata kuona kinyaa kama nilichokiona mbele ya neno lile moja lililosemwa kwa tabasamu. Maana si uchafu wa bomba tu. Ni kwamba mjane mwenye haya alivuliwa sitara mbele ya majirani kwa ajili ya arki ya keki, na mwenye kufanya hivyo alikuwa akinikaribisha kiti.

Niliondoka bila kuaga. Njiani nilikumbuka jambo ambalo nimewasomesha wanafunzi tangu ujana: kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita penye lundo la nafaka sokoni alitia mkono wake ndani, na vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini. Alitia mkono. Nimelieleza jambo hilo, nimelisherehesha, nimewatahini watu kwalo, na mimi mwenyewe, hadi siku ile, sikupata kutia mkono katika gunia maisha yangu yote. Nilikuwa nanunua kama wanunuavyo wateja wa Hussam.

Mwenye eda hatoki, na hitma ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Bi Tasneem alinituma mimi. "Usinuse kitu, Maalimu," aliniagiza nyuma ya pazia. "Pua zenu zimeshazoea kudanganywa. Mkono hadi kiwiko. Ukitoka na vumbi jeupe kama unga, vizuri. Ukiteleza, nenda zako. Kisha tafuna."

Nilizunguka maduka sita na mkono wa kanzu yangu umekunjwa hadi begani. Wachukuzi walinicheka. Duka la saba lilikuwa la mama mmoja, Paskalina, aliyekuwa akiuza mchele wa kwao ambao kwa mbali haukuwa na harufu yoyote. Mkono wangu ulitoka mweupe. Nikatafuna punje mbili, nikasikia ule mlio mkavu.

"Baba, mbona hunusi?" Paskalina aliuliza kwa mshangao. "Wote hunusa."

"Nimekatazwa," nikamjibu.

Duka la Hussam bado lina foleni. Nimewaambia watu, msikitini na nje ya msikiti. Wengine husikia, wengine huniambia kwamba ule mchele wake, hata hivyo, unanukia. Nikipita pale hufunika pua kwa kilemba.

Siku ya hitma, baada ya dua, nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa jiko, ambao pazia lake lilikuwa limefungwa kando kupisha sahani. Zulekha alikuwa mbele ya sufuria, Bi Tasneem nyuma yake na mwiko mkononi. Makaa yaliondolewa, mfuniko ukafunuliwa. Zulekha akainama juu ya mvuke, akakaa hivyo kitambo, macho ameyafumba.

"Unanukia, wifi. Wallahi unanukia vizu..."

"Sikukuuliza hayo yote," alisema Bi Tasneem. "Kaka yako hakuwa na maneno mengi. Ndiyo, au siyo?"

"Ndiyo," akasema Zulekha.

Bi Tasneem akatumbukiza mwiko, akaanza kupakua.