Kikohozi na Sinia la Chai

Alipokuwa na miaka ishirini na sita, kikundi chao cha maigizo kilikosa mtu wa kucheza babu, basi wakampaka unga kichwani, wakamshikisha fimbo na kumwambia akohoe. Akakohoa, ukumbi ukavunjika mbavu. Tangu siku hiyo hakucheza kijana tena. Alicheza mabawabu, wapishi, wajomba walevi, wagonjwa wanaokufa mapema, na kila alipoingia watu walisubiri kile kikohozi kikavu cha mapigo matatu, kama mtu anayebisha hodi. Jina lake likapotea. Hata kwenye mabango aliandikwa Kikohozi.

Alikuwa pia mwandishi. Aliandikia katika chumba cha mavazi, karatasi juu ya sanduku la viatu, kati ya kutoka jukwaani na kuingia tena. Michezo yake mitatu ya kuchekesha ilichezwa ikapita. Wa nne ulimchukua miaka kumi na mmoja.

Mchana ule mkewe alipofariki hospitalini, yeye alikuwa jukwaani. Habari zilimfikia wakati wa mapumziko. Akafuta macho, akajipaka unga upya, akarudi kumaliza sehemu ya pili, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukohoa. Binti yao wa pekee, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi, alikaa na maiti ya mama yake saa tatu nzima, peke yake. Hakuwahi kumgombeza baba yake. Kila mwezi alimletea dawa za presha, akamwamkia, akaenda zake. Kumwomba radhi uso kwa uso kulimshinda Kikohozi, ulimi ulikuwa mzito. Kwa hiyo akaandika: jaji mstaafu, katika onyesho la mwisho, anasimama mbele ya bintiye na kuomba msamaha. Jaji angekuwa yeye. Binti yake angekaa safu ya mbele, asikie.

Katika kikundi chao mswada mpya ulisomwa mezani bila jina la mwandishi, ili asipendelewe mtu. Ulipokwisha kusomwa, mama wa mavazi alikuwa anapenga kamasi.

"Nani kaandika hii?" mwongozaji aliuliza.

Kikohozi akanyoosha mkono.

"Wewe? Mzee, umetuweza!"

"Na jaji nitamcheza mimi."

Wakatazamana. "Mzee wangu," alisema mwigizaji mmoja mwenye sauti nene, ambaye wote walimwita Besi, "jaji akikohoa si kesi itaahirishwa?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mwongozaji naye alicheka, kisha akafunua kurasa. "Mbona nafasi yako umeshajiandikia? Si huyu mtumishi? Anaingia na sinia la chai, anakohoa, anasimama mlangoni."

Kikohozi akatazama ukurasa. Ni kweli. Mkono wake ulikuwa umemtia mtumishi yule kwa mazoea tu, zamani, ili watu wapumue kidogo.

"Huyo nilimpachika tu."

"Basi umejipachika vizuri. Jaji ni Besi."

Akakubali. Angalau maneno yangesikika.

Siku ya kwanza ya mchezo ilikuwa Jumamosi mchana. Binti alikuja na sare ya kazini, akakaa safu ya mbele. Lilipofika onyesho la mwisho, Besi alisonga mbele, akasema, "Mwanangu," kisha akakwama. Akarudia, "Mwanangu," kijasho chembamba kikimtoka, macho yakimtafuta mtu wa kumnong'oneza.

Kikohozi alikuwa pale mlangoni na sinia lake. Maneno aliyajua yote. Angeweza kumrushia Besi neno moja, mambo yakaenda. Lakini alimwona bintiye. Akaweka sinia chini, akampita Besi, akasimama ukingoni mwa jukwaa.

"Mwanangu, siku ile mama yako anakata roho, mimi nilikuwa nafurahisha watu nisiowajua."

Nyuma kabisa mtu akacheka.

"Niliambiwa. Nikajua. Nikarudi kazini."

Ukumbi ukalipuka. Mtumishi wa chai anamwombea bosi wake radhi, tena kwa sauti ile ile ya siku zote! Akapaza sauti, wakazidi. Koo likamkauka, akakohoa, safari hii cha kweli, na watu wakapiga sakafu kwa miguu.

Pazia liliposhuka, Besi alimkumbatia. "Umeniokoa, babu!" Mwongozaji akaja mbio. "Hiyo usiitoe, Mzee! Kila siku hivyo hivyo, na kikohozi palepale!"

Binti alikuwa anamngoja kwenye mlango wa nyuma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia. Nilidhani mama hutamtafutia kicheko."

"Mimi sikutaka wacheke. Wallahi, yale maneno..."

"Baba, ulikohoa."

Akafungua mkoba, akamwekea pakiti ya dawa kiganjani, akamfunga vidole juu yake kama wanavyofungwa wagonjwa wasiosikia vizuri. Kisha akaenda zake, maana zamu ya jioni ilikuwa inamngoja.

Mchezo ule ulichezwa miezi minne, haukuwahi kupata viti vitupu. Kila alasiri Kikohozi anaweka sinia chini, anampita Besi, anaanza, "Mwanangu." Maneno hajabadilisha hata moja. Kikohozi tu ndicho kimegoma kuja chenyewe, inabidi akilazimishe.

Dawa za presha siku hizi anazikuta kwa bawabu wa ukumbi.