Mvua ya Maeneo Machache

Harufu ya dagaa wanaokauka juani inagawa watu makundi mawili: wanaoziba pua, na sisi. Mtu akiingia ofisini kwetu Buzuruga na mfuko wa dagaa, wenzangu hukimbilia kufungua madirisha, mimi huvuta pumzi mpaka mbavu zinauma. Ndani ya harufu ile nayaona majabali ya Igogo, kando ya Ziwa Victoria, yakiwa na joto la saa nne asubuhi, nawaona kunguru wezi, nawasikia kina mama wakipiga soga huku wanageuza dagaa kwa fagio. Na mimi nipo pale, nina miaka kumi, ndala moja imekatika mkanda, nimekabidhiwa kazi ambayo mpaka leo naiona kubwa kuliko hii ninayolipwa mshahara. Nilikuwa mtu wa hali ya hewa.

Tulitoka Magu mwanzo wa kiangazi, mama na mimi tu. Baba alikwisha fariki zamani, na babu, mzee wa pamba na ng'ombe, hakuona sababu ya binti yake kwenda kuhangaika na samaki mjini. Alimpa kiangazi kimoja. "Ukishindwa, rudi tulime," alisema, na babu hakuwa mtu wa kurudia neno. Magu nilikuwa naipenda, nisiseme uongo, lakini nilipoliona ziwa nilipagawa kabisa. Nilioga mpaka macho yakawa mekundu, nikajifunza kufyonza kichwa cha sangara bila kubakiza kitu, nikapata marafiki wa kuruka nao kutoka kwenye mawe. Kurudi kupalilia pamba sikutaka hata kukusikia. Basi mahesabu yangu yalikuwa mepesi: dagaa wa mama wakikauka vizuri, nabaki, wakilowa, narudi. Maana dagaa aliyeanza kukauka kisha akanyeshewa hana tena heshima. Anabadilika rangi, ananuka vibaya kwelikweli, na mwisho wake ni chakula cha kuku.

Shida ilikuwa jina langu. Naitwa Kabula, na kwetu Wasukuma huyo ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Siku mama aliponitambulisha pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, Mama Doto alishika kiuno. Huyu ndiye alikuwa mkubwa wa waanikaji, mwanamke wa kifua kipana, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye mitumbwi. "Kabula? Hapa kwenye dagaa? Mama wee, mbona unatuitia mvua na sisi bado hatujala!" Wakakaa kikao palepale, kama kamati ya harusi, wakapitisha kwamba dagaa wakiwa juani niitwe Limi, jina la mtoto wa jua. Jioni, dagaa wakishaanuliwa, ruksa kuniita Kabula. Na hawakuwa wakitania. Mwenzangu mmoja alijisahau akaliita jina langu saa sita mchana, akafukuzwa kwa fagio mpaka barabarani. Mimi nilifurahi mno. Watoto wengine walikuwa na jina moja, mimi nilikuwa na la jua na la mvua.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya kinyozi jirani yetu, aliyekuwa na redio. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, ulisomwa utabiri wa hali ya hewa, na mimi nilikuwa na kichwa cha kukariri. Asubuhi napanda juu ya jabali, naweka sauti ya mtangazaji, nawasomea kina mama upepo unavuma kutoka wapi na mawimbi ziwani yatakuwaje. Walikuwa wananipigia makofi. Tatizo likaja mwisho wa kiangazi, redio ilipoanza kusema kutakuwa na mvua na ngurumo katika "maeneo machache" ya ukanda wa Ziwa Victoria. Machache yapi? Jamani, hilo ziwa lilivyo kubwa! Basi kila mtu akawa na uhakika kwamba maeneo machache ni kwa mwenzake. Mmoja anasema hiyo ni ya Bukoba, mwingine anaipeleka Musoma. Mama Doto alikuwa na ugomvi na wakwe zake wa Sengerema, kwa hiyo mvua zote alizituma huko. Mara mbili niliwasihi waanue, wakaanua huku wananung'unika, na jua likawaka mpaka mawe yakachoma nyayo. Ilinyesha Ukerewe. Nilikoma! "Limi, mvua yako imepanda meli gani?" wakaniuliza wiki nzima. Tangu hapo sauti yangu ya mtangazaji ikawa ya kuchekesha watu tu.

Ndipo ikafika Jumamosi moja ambayo sitaisahau. Miezi yote ile mama alikuwa anaanika mizigo ya wengine, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alianika wake mwenyewe, jabali zima limejaa, linang'aa kama limepakwa rangi ya fedha. Jioni iliyotangulia redio ilikuwa imesema vilevile, maeneo machache. Niliwaambia asubuhi, wakacheka, na mama naye akaanika, maana mbingu ilikuwa safi. Saa saba mchana ule upepo wa kiangazi, uliotupiga mgongoni siku zote, ukakata. Kunguru wakanyamaza. Kisha kutoka ziwani, ikanipiga usoni pumzi ya baridi, na upande wa Ukerewe nikaona wingu dogo jeusi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu lenyewe lilikuwa kiasi cha kufunikwa na kiganja. Nikamvuta mama kanga. "Mama, tuanue." Alitazama juu, akanitazama mimi, akamtazama Mama Doto ambaye alikwisha anza kucheka. Mgeni kuchekwa na wenyeji si jambo dogo. Mama akaokota fagio, akaanza kukusanya. Hakuniuliza mara mbili. Nilimpenda mama yangu siku ile.

Tulizoa dagaa kwa makarai huku tunaimbiwa. Walituuliza kama tunawahi harusi, wakatuuliza kama Magu kuna dagaa wanaokauka gizani. Tulipofunga kamba ya mwisho ya turubai tukasikia ziwa linavuma, na kumbe ile ndiyo mvua, inakuja juu ya maji kama ukuta unaotembea. Kicheko kikakatika. Mimi nilitaka nikae juu ya turubai letu niwatazame, Mungu anisamehe, lakini mama alikwisha ruka na karai kuelekea kwenye jabali la Mama Doto. Nikamfuata. Kila aliyekuwa na mikono akazoa, wa nani si hoja. Mama Doto alikuwa anafagia kwa mkono mmoja na mwingine ameuinua mbinguni, anapiga kelele, "Limi! Limi! Limi!" Wenzake wakapokea, mwalo mzima unaliita jua. Na mimi, kwa adabu niliyofundishwa, kila walipoita niliitika, "Abee!" bila kuacha kufagia. Walipogundua, walicheka mpaka wengine wakapiga magoti kwenye maji. Tuliokoa karibu wote. Mafungu mawili tu ndiyo waliyofaidi kuku. Mama Doto, kanga imemganda mwilini, alimgeukia mama. "Kumbe maeneo machache ni sisi," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ule mzigo ulikauka vizuri kesho yake, babu akatumiwa mfuko, akala, akajibu kwamba pamba atalima mwenyewe.

Siku hizi simu haisemi maeneo machache. Inataja Igogo, tena na saa. Ni jambo jema, wala sitaki tujidanganye kwamba zamani kila kitu kilikuwa kitamu. Mitumbwi mingapi isingekumbwa na dhoruba kama wavuvi wangekuwa na simu hizi. Mama bado anaanika, sasa kwenye chanja za waya, na simu niliyomnunulia anaisoma kabla hajanywa chai. Kinachomsikitisha ni kimoja, kwamba mvua huwezi tena kumsukumia mtu wa Sengerema. Na ananiambia kuwa kila mtu sasa anatazama simu yake, anaanua wa kwake mapema, anaondoka mkavu. Mama Doto amezeeka, simu haiamini hata kidogo, kwa hiyo mama huanua wake na wa Mama Doto. Kisha, kazi ikiisha, ananipigia simu ofisini. Siku za kawaida huniita Kabula. Lakini jana, dagaa wakiwa bado juani, nilipopokea na kumwamkia, hakuitikia hata marahaba. Alisema, kwa sauti ya chini, kama vile mawingu yana masikio, "Limi, hebu chungulia dirishani." Nikasimama, nikaenda kuchungulia.