Kioo cha Kulia cha Pikipiki ya Baba

Kwa wiki mbili sikupata usingizi kwa sababu ya neno moja. Baba, akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki, alisema "Ingia," nami nikatoka pembeni nikaingia barabarani, na trela ikapita karibu sana na goti langu hata upepo wake ukatusukuma kwenye changarawe. Hatukuanguka. Nilipopata pumzi, Baba aliniambia kwamba yule dereva alikuwa mwendawazimu, ametokea mahali ambapo hapakuwa na gari. Huenda ni kweli. Barabara ile inayotoka mpakani kuja Eldoret ina madereva wa kila aina. Lakini kila nikilala swali lilirudi: Baba alitazama akaona barabara tupu, au alitazama na hakuiona trela?

Halikuwa swali la kumwuliza. Pikipiki ni yake. Aliinunua nikiwa darasa la pili, wakati huo tayari imetumika na mwenye kuiuza haaminiki. Aliitumia kubeba maziwa, mbolea, magunia ya mahindi, mama yangu na mimi. Daktari alipomwambia ana presha ya macho na asiendeshe tena, alikaa siku tatu bila kuzungumza na mtu. Siku ya nne alinipa funguo jikoni, mbele ya mama.

"Mama, sasa ni wewe," alisema. Huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mamake, na akiniita hivyo huwa sina la kubisha. "Mbele ni kwako. Nyuma ni kwangu."

Kwetu Chepsaita jambo hilo si geni. Vioo vya pikipiki nzee hutetemeka hadi lori linalokufuata linaonekana kama uji uliomwagika. Waendeshaji wengi huving'oa, au huvigeuza ndani ili wamwone abiria, na abiria ndiye anakuwa kioo. Mwendeshaji anauliza, "Nyuma?" Wewe unageuka, unatazama, unasema "Ingia" au "Ngoja." Ukishapanda hiyo ni kazi yako, hata kama umepakata kuku. Nilimfanyia Baba kazi hiyo utoto wangu wote. Sikuwahi kukosea, na nadhani ndiyo sababu aliniamini na funguo. Sasa yeye ndiye aliyekaa nyuma na kunifanyia mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo Chepkoilel, fizikia na hisabati, na nilikuwa nyumbani nikingoja barua za kazi ambazo hazikuja. Mtu anayengoja hufikiri sana. Mimi hata nisipongoja hufikiri sana. Kliniki ya Baba ilikuwa kila Alhamisi ya pili, mjini. Baada ya ile trela nilimwambia twende na matatu. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mgonjwa ni macho, si mimi."

Nilijaribu kugeuza kichwa mwenyewe. Lakini mimi bado ni mwendeshaji mchanga, na nikigeuza kichwa pikipiki hunifuata. Mara ya kwanza tulielekea mtaroni. Baba alinigonga helmeti kwa kidole. "Nimekuambia nyuma ni kwangu. Wewe angalia mbele."

Kwa hiyo nikaona njia moja tu. Nikipata kioo kinachoonyesha, sitahitaji kumwuliza Baba, na nisipomwuliza sitahitaji kujua kama anaona au haoni. Nilikuwa na siku kumi na nne kabla ya kliniki nyingine. Aibu ya mpango ule niliijua tangu siku ya kwanza: sikutafuta ukweli, nilitafuta jinsi ya kuupita.

Nilianza kwa kukaza. Nilikaza nati ya kioo cha kulia kwa spana hadi uzi wake, ile mikunjo inayoshika skrubu, ukavunjika ndani, kioo kikabaki kikizunguka kama mtu aliyekunywa. Fundi wa senta, pale penye maduka yetu, mwanamume mnene anayefanya kazi akiwa amekalia tairi, alinitengenezea uzi mpya na kunicheka.

"Msomi, kioo cha pikipiki ni ya kuchana nywele. Na wewe umesuka."

"Nataka kuona nyuma."

"Mzee wako si hukaa huko nyuma?"

Nilirudi nyumbani nikakata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikavivika kwenye mguu wa kioo, nikifikiri mpira utameza mtetemo. Kioo kikawa kibaya zaidi, kikaanza kuitikia kila kitu kwa kichwa, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikatoa mpira. Nikafunga bolti nzito nyuma ya kioo kwa waya, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba kitu kizito hutetemeka polepole. Hilo lilikuwa kweli, na halikunisaidia. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila kasi na kile nilichoona. Kabla ya bolti: arobaini, mti ni mti; hamsini na tano, uji; sabini, mti tena. Baada ya bolti: arobaini na tano, uji. Nilikuwa nimehamisha shida kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Siwezi kwenda sabini nikiwa na Baba. Siwezi kwenda arobaini mbele ya trela. Nilikaa na daftari hilo kwenye ngazi ya ghala, nikagundua kwamba nalia, na kwamba ninalia juu ya kurasa za kioo wakati mtu ninayemlilia alikuwa pale uani akichambua maharagwe. Nilimtazama. Maharagwe yaliyokuwa kushoto kwake aliyaokota yote. Ya kulia yalibaki kwenye gunia lililotandikwa, na kuku walikuwa wakiyala. Nikajiambia amechoka. Nikajiambia jua linamwangaza. Nilikuwa na sababu nyingi, zote nzuri.

Zikiwa zimebaki siku tatu nilirudi kwa fundi. Safari hii hakucheka, pengine kwa sababu ya uso wangu. Aliwasha pikipiki, akaiacha ingurume, kisha akaweka kiganja juu ya usukani, halafu kwenye tangi, halafu chini, pale injini inaposhikana na fremu. Alikaa hapo muda mrefu.

"Dada, wewe umekuwa ukimpiga mtoto na aliyeiba ni jirani," alisema. "Kioo haina makosa. Njoo ushike hapa."

Niliinama nikashika. Injini ilikuwa ikiruka ndani ya fremu kama ndama aliyefungwa kwa kamba ndefu. Bolti moja kati ya zile zinazoishikilia haikuwepo. Mahali pake palikuwa na msumari mkubwa, uliopindwa na kufungwa kwa waya wa ua.

"Nani aliweka hii?"

Nilijua. Nilijua hata ule waya.

"Mzee ni fundi kuliko mimi," alisema, akicheka polepole. "Hii imekaa miaka. Alisema atanunua bolti kesho, kesho ikapita."

Alitia bolti mpya, akakaza nyingine zote, akalegeza mnyororo uliokuwa umevutwa mno. Kisha akaniambia nilete mchanga mkavu, uliochekechwa. Nilidhani ananidhihaki. Alifungua ncha za usukani, ambao ni bomba tupu, akaumimina mchanga ndani hadi ukajaa, akaziba kwa vipande vya mpira na kuvipigilia. Mchanga unaumeza mtetemo kabla haujafika kwenye kioo; alilijua hilo bila kusoma popote, nami niliyesoma sikuwa nimelifikiria. Nilijaribu barabara ya shule na kurudi. Kwa hamsini na tano nyumba ya jirani ilikuwa nyumba, na mlango ukiwa umefunguliwa. Kingo zake zilicheza kidogo, lakini ilikuwa nyumba. Nilitaka kufurahi. Lakini sasa nilikuwa na kioo kinachosema.

Jumatano jioni Baba alitoka kuiwasha pikipiki, kama alivyofanya kila jioni hata baada ya kukatazwa, aisikie tu. Akazima. Akawasha tena.

"Imenyamaza," alisema. "Nani amegusa injini?"

"Fundi wa senta."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba kioo kinatetemeka."

"Kioo ni cha polisi. Kinakaa pale ili usiandikiwe makosa." Alipapasa tangi, akaenda chini kwa vidole hadi kwenye bolti mpya, vikasimama hapo. "Ule msumari ulinipeleka Kitale na kunirudisha."

"Nataka kuona nyuma, Baba."

"Na mimi ni nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilimwambia kioo ni cha siku nitakazokuwa peke yangu. Aliufikiria uongo huo, akaukubali kwa kichwa.

"Hiyo ni sawa. Lakini kesho sisi ni wawili."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na jua safi. Tulitoka kwenye barabara ya vumbi, tukashika lami pale Turbo, nikaenda pembeni kama kawaida. Kioo cha kulia kilikuwa kimetulia. Niliona miti ikirudi nyuma mmoja mmoja, nikaona mwanamke akivuka na ndoo, nikaona lori la turubai ya kijani likitoka kwenye kona na kuanza kutufuata. Niliomba lipite mapema. Halikupita, lilikuwa limejaa, na barabara inapanda.

Karibu na Maili Nne trela hupaki pembeni, moja nyuma ya nyingine, na pikipiki haina budi kuingia barabarani ili izipite. Niliziona kwa mbali. Nilikuwa nimejiahidi kutouliza. Ningeweza kupunguza mwendo, nikalisubiri lori, tukaenda zetu, na Baba angebaki na kazi yake. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilikuwa nimechoka kulala na swali lile.

"Baba, nyuma?"

Nilihisi kifua chake kikigeuka mgongoni mwangu. Aligeuka kweli, kama anavyogeuka siku zote, bila uvivu. Kwenye kioo lori la kijani lilikuwa limejaa pembe hadi pembe, na taa yake ya kulia ikiwaka na kuzima.

"Ingia," alisema.

Nilishika breki. Tulisimama nyuma ya trela ya kwanza, na lori likatupita likituachia vumbi na harufu ya mafuta.

"Mbona hujaingia?" aliuliza, kabla lori halijamaliza kupita. Kisha akalisikia lote, tairi baada ya tairi. "Hiyo imetoka wapi?"

"Ilikuwa hapo, Baba. Imetufuata tangu kwenye kona."

Alishuka. Alisimama pembeni ya barabara na helmeti kichwani, akitazama mahali lori lilikoenda. Mimi nilibaki nimeshika usukani.

"Herufi za hospitali nimezisoma zote," alisema. "Hata zile ndogo za chini. Sista alishangaa."

"Najua."

"Mtu asiyeona hasomi."

"Za mbele unaziona. Ni upande huu, Baba." Nilinyoosha mkono kulia kwake. Hakugeuka. Nilinyoosha zaidi, hadi kidole kikawa karibu na shavu lake, ndipo akashtuka.

Gari nyingi zilipita. Halafu aliniambia, kwa sauti ya mtu anayehesabu mifugo iliyopotea, kwamba amekuwa akigonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango wa choo. Kwamba mara mbili amemwaga chai ya mama na kusema ni paka. Alidhani ni uzee.

"Usimwambie daktari," alisema. "Atanikataza hata jembe. Haya matone ya macho nikiyaweka vizuri, nuru itarudi."

"Sawa, Baba."

Nilisema sawa. Tukaendelea polepole, na hakuna aliyeuliza mwenzake nyuma kuna nini.

Kwenye benchi la kliniki nilifanya kile ninachokifanya siku zote. Nikisema, nitamvunja. Nisiposema, atasoma herufi tena, watampa matone yaleyale, na upande wa kulia utaendelea kuliwa bila mtu kujua, hadi siku ifike zamu ya ule wa kushoto. Pengine daktari tayari anajua. Pengine kuna mashine watakayompima mwaka ujao. Pengine nimeona vibaya. Ni lori moja tu, na ile trela moja. Nilitafuta pengine ya mwisho na sikuipata, kwa sababu nilikuwa nimeiona kwa macho yangu kwenye kioo kilichotulia, na siku zote kumi na nne nilikuwa nimehangaika ili kiweze kutulia.

Walimwita. Alisimama, akarekebisha koti, akaenda peke yake kama kawaida, na mlangoni akaligonga bega la kulia.

Niliinuka nikaingia nyuma yake. Daktari aliinua macho. Baba alisema huyu ni binti yake, atangoja nje. Sikutoka. Nilikuwa na helmeti mbili mikononi na sikuwa nimepanga maneno, mimi ambaye hupanga hata jinsi ya kuomba chumvi.

"Daktari, atakusomea herufi zote," nilisema. "Lakini kulia haoni. Leo asubuhi hakuona lori. Naomba umpime upande huo kabla hatujarudi nyumbani."