Mgonjwa Halishwi Amelala

Mtu aliyelala mahabusu kwa sababu ya katoni mbili za sabuni, akatoka, akaanza upya na debe moja la dagaa, na leo ana malori mawili yanayobeba samaki kutoka Kisorya mpaka Musoma, mtu huyo hashangazwi na kitu. Ndivyo nilivyokuwaga najisifu mbele yenu wasomaji wangu, na sioni aibu, maana darasa la nne nililoishia halikunipa kitu kingine cha kujisifia. Basi mwezi uliopita nilikuwa Kisorya, karibu na kivuko, nakagua mzigo, mama mmoja muuza dagaa akanivuta pembeni. "Tajiri, una habari? Yule mama aliyekuwaga anamuuguza mama yako amefariki. Wanazika kesho, kwao Suguti." Nikawaambia wapakiaji waendelee, mimi nikakaa juu ya gunia. Lakini kifo chenyewe hakikunishangaza. Kifua kilikuwa kinamsumbua muda mrefu. Kilichonishangaza kilikuja kesho yake msibani, kutoka kinywani mwa dada yangu wa tumbo moja. Nitafika huko, na nikifika sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu hakuwa nesi, na mtu wa kwanza kukwambia hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa mhudumu wa wodi. Miaka ile sabuni ilipokuwa inauzwa kwa kujuana, yeye alifua mashuka ya wagonjwa kwa majani ya mpapai na kuosha mabakuli kwa majivu, na hakuacha kazi. Halafu likaja soko huria, sabuni ikajaa madukani mpaka ya kuchagua harufu, na ndipo akaambiwa hahitajiki tena. Akapunguzwa kazini na wenzake wengi. Wengine walifungua genge la nyanya; yeye akaanza kwenda majumbani kuuguza watu waliolala. Mama yangu alipopata kiharusi, upande mzima wa kulia ukafa, nilikuwa na nyumba ya bati niliyomjengea Butiama, nina maziwa, nina pesa, lakini sina mtu. Kwetu mkwe hamuogeshi mama mkwe, na mtoto wa kiume hathubutu kumvua nguo mama yake. Dada yangu, ambaye ndiye angefaa, ameolewa Bunda, na alisema ana mambo mengi ya kanisa. Nikamleta yule mama.

Siku ya kwanza tu tuligombana. Nilikuwa nimenunua sindano duka la dawa, muuzaji ameniapia kwamba zinaamsha mishipa. Nikampa, nikamwambia, "Mchome."

"Mimi sichomi," akasema. "Hiyo kazi ina wenyewe. Muite nesi, na kwanza umuulize daktari kama ndiyo dawa yake."

"Anayelipa hapa ni mimi."

"Unalipa mikono yangu, mzee. Sindano hujailipia."

Nikacheka kwa hasira. Lakini nikapeleka zile chupa kwa daktari, naye akazitazama, akazitupa kwenye ndoo ya takataka. Tangu siku hiyo nilimwachia chumba. Alikuwa anabisha hodi kwa mgonjwa asiyeweza kuitika. Alikuwa ananawa kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Kila baada ya saa mbili alimgeuza, kushoto, kulia, na kila akimgeuza alimwambia kwanza, "Bibi, sasa nakugeuza," kwa hiyo miezi saba mama yangu alilala bila kidonda hata kimoja mgongoni. Majirani walipomuuliza huko ndani kukoje, alijibu, "Ingieni mumuulize mwenyewe, masikio yake ni mazima." Hawakupata hata neno la kupeleka kisimani. Na chakula? Alimkalisha kwanza, mito mgongoni, kidevu kimeinama kidogo, kijiko cha chai, anangoja ameze ndipo aongeze. Akimaliza hamlazi mpaka nusu saa ipite. Bakuli moja lilikula saa nzima.

Ni hilo bakuli lililomponza. Dada alikuja kutusalimia, akakaa siku mbili, akaniita nje. "Wewe mdogo wangu, umeokota wapi hili jitu? Linampimia mama yetu uji kama dawa ya kikohozi! Huoni mama amekonda? Tena linajifungia naye, linafanya nini humo?" Yule mama alisikia, akatoka, akasema kwa upole, "Dada, koo lake nalo limepooza. Ukimlisha haraka, au amelala, chakula kitaingia njia ya hewa." Dada akamkata: "Unanifundisha mimi kumlisha mama yangu? Umemzaa wewe?" Halafu wote wawili wakanitazama mimi. Mimi, bingwa wa kupima mzani wa samaki kwa jicho, nikapima vibaya. Nikampa yule mama hesabu yake, nikamwambia aende. Alikunja kanga zake, akaingia kumuaga mgonjwa, akapita mbele yangu akisema neno moja: "Mkalisheni."

Kesho yake asubuhi dada alikoroga uji wa ulezi na maziwa, mzito, kwa upendo mkubwa, sikatai. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama amelala chali. Kijiko kikubwa cha kulia chakula, cha kwanza, cha pili, "kula mama, kula, ulikuwa unanyimwa." Cha tatu akapaliwa. Macho yalitoka, mkono mzima ukashika ukingo wa kitanda. Tulimwinua tumechelewa. Kabla dereva hajawasha lori, mama yangu alikuwa amekwisha.

Na kwenye matanga yake dada huyohuyo aliwaambia watu kwamba mama aliharibiwa na dawa za yule mwanamke. Nilisikia. Nikanyamaza, eti nalinda heshima ya ukoo. Maneno yakashuka Bunda, yakafika Musoma, na hakuna nyumba iliyomwita tena. Asante ya punda ni mateke, na mateke mengine yalikuwa yangu. Baada ya mwaka nilimfuata Suguti, nikamkuta analima mihogo, nikamwomba msamaha. "Msamaha nimekupa, mzee, ule ni wa bure," akasema, wala hakuacha jembe. "Jina langu je? Uliliacha lichukuliwe mbele ya watu. Lirudishe mbele ya watu." Nikamwahidi. Nikawa nangoja siku nzuri. Siku nzuri haikufika, miaka miwili ikapita, akafa.

Sasa msibani Suguti. Watu wanakunywa uji, na dada amekuja na akina mama wenzake wa kanisa, yeye ndiye kiongozi wao. Akapewa nafasi ya rambirambi. Akasimama, akafuta macho, akasema, "Marehemu alitukosea sana sisi kwa mama yetu, lakini tulimsamehe."

Tulimsamehe! Nilinyanyuka, nikachukua bakuli la uji na kijiko, nikaenda mpaka mbele yake.

"Dada, lala hapo kwenye mkeka."

"Una wazimu?"

"Lala chali nikulishe. Kwa upendo, kama ulivyomlisha mama. Vijiko vitatu tu."

"Nitapaliwa mimi! Mtoeni huyu, amelewa!"

"Sikilizeni, jamani!" nikapaza sauti mpaka wachimba kaburi wakasikia. "Amesema mwenyewe atapaliwa. Mama yetu hakuwa na ulimi wa kukataa. Huyu mnayemzika alituonya, nikamfukuza mimi, aliyeua ni huyu dada yangu, na uongo tukamvika marehemu."

Bibi mmoja wa pale akasema, "Eee, leo limesemwa." Akina mama wa kanisa walianza kusogea, mmoja mmoja, mpaka dada akabaki peke yake kwenye mkeka. Alirudi Bunda bila mwenzake. Wanasema sasa haongozi tena hata wimbo. Mniombee nisikie huruma. Mpaka leo naandika haya sijaisikia.

Somo langu ni fupi. Madukani siku hizi kuna sindano za kila rangi, lakini mikono inayojua kumkalisha mgonjwa imepunguzwa kazini, na ukiipata, isikilize kuliko damu yako. Ukiwa na deni la ukweli kwa mtu, mlipe akiwa na masikio. Wazee wa ukoo wamenikuta na hatia ya kumtukana dada mkubwa na kuvuruga msiba, na nimelipa bila kubishana: mtamba mmoja, soda na sukari ya kikao, jumla shilingi elfu sabini na moja na mia nne.