Mechi ya Zebedayo na Mkamwana Wake

Anayemjua Zebedayo ni mkewe, na kalamu anayo. Lakini mmekuja kwangu, mimi niliyesoma kisomo cha watu wazima miezi minne tu, mnataka niandike habari zake kwa sababu eti shuka lilikuwa langu. Nina maharage ya kupura. Naandika mara moja, sirudii.

Zebedayo ni wa hapa hapa Mbebe. Ujanani alikwenda Mbozi kufanya kazi kwenye shamba kubwa la kahawa. Wenzake walichuma, yeye akapewa uwanja wa tenisi wa bwana shamba: kuchora mistari kwa chokaa na kukunja wavu mvua ikija. Bwana shamba akikosa mtu wa kucheza naye, alimsimamisha Zebedayo upande wa pili, na Zebedayo alishindwa kila siku kwa miaka minne. Yule bwana alipoondoka nchini akamwachia raketi na kaptura nyeupe. Zebedayo alirudi navyo Mbebe anatembea kama mtu aliyeswaga ng'ombe sita.

Shida ya tenisi ni kwamba inataka watu wawili. Alijaribu kutufundisha. Alitueleza kwamba zamani huko Ufaransa waliupiga mpira kwa kiganja, raketi ikaja baadaye. Tukamwambia kama waliweza kwa kiganja, raketi ya nini. Basi akachukuana na ukuta wa ghala la zamani la chama cha kahawa. Miaka thelathini na moja anaupiga mpira, ukuta unaurudisha. Haukukosea hata siku moja, na hilo ndilo lililomuudhi.

Sasa mwanawe Timotheo, yule anayeshughulika na makaratasi ya malori Tunduma, akaoa mwalimu, Loisi, Mnyiha wa Mbozi. Loisi akapangiwa shule ya hapa. Siku anahamia, katikati ya masufuria yake ilichomoza raketi. Alijifunza chuoni.

Mtu wa nje atasema, basi Zebedayo kapata mwenzake. Hapana. Kwa ukoo wao mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Siku hizi wengi wamelegeza, ila siyo Zebedayo. Mwaka juzi alimtoza mdogo wake Ezron jogoo kwa kosa la kumsalimia mkamwana wake mwenyewe sokoni Itumba. Jogoo alichinjwa, na Zebedayo ndiye aliyekula paja.

Jumamosi moja akaenda ghalani akakuta ukuta unapigwa. Alichungulia, akauona mgongo wa Loisi na pigo lake la mkono wa nyuma, na pigo lile lilishinda la bwana shamba. Loisi akageuka, akaona kofia. Yeye akaruka kwenye kahawa, Zebedayo akaruka kwenye mahindi, mpira ukabaki unadunda peke yake hadi ukachoka.

Toka siku hiyo Tusekile, mke wa Zebedayo, hakupumzika. Mumewe alimtuma amwambie mke wa Timotheo kwamba hakunji magoti vya kutosha. Mkamwana akamrudisha amwambie baba kwamba magoti yake yanakunjika, tofauti na ya watu fulani. Tusekile alipanda na kushuka kale kamlima kati ya nyumba zao mpaka viatu vikaisha kisigino.

Kisha chama kikatangaza: ghala litabomolewa Jumatatu ya wiki ya pili, matofali yajenge ofisi. Ukuta ukienda, tenisi ya Zebedayo imekwenda. Akaanza kuacha ugali sahanini. Ezron akaja kumpa pole, uso umejaa furaha.

"Kaka, si umwite tu mkamwana mcheze," akasema. "Ila mimi jogoo wangu nitamtaka mkubwa kuliko yule."

Zebedayo alijua kwamba akilegeza, Mbebe nzima itamkumbusha lile paja.

Ndipo Tusekile akaja kwangu kuazima shuka, lile la maua nililoletewa na mwanangu Priska. Alisema kama kosa ni macho, basi macho yafunikwe. Wakachimbia miti miwili ya mkaratusi nyuma ya shule, wakafunga wavu wa kuanikia kahawa, na juu ya wavu shuka langu, refu kuliko kimo cha mtu. Mistari wakachora kwa majivu. Atakayefikisha gemu tatu kwanza ameshinda.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa. Zebedayo alivaa ile kaptura, kiunoni imeshikwa na kamba. Alichokiona ni maua tu, halafu mpira unatokea angani, halafu maua tena. Ilimbidi asikilize: akisikia hatua za Loisi kulia, anatupia kushoto. Goti lilimuuma, wala hakulijali, maana safari hii aliyerudisha mpira alikuwa anahema.

Tusekile alikaa kwenye kigoda ubavuni, ndiye mwenye kuhesabu. Kumi na tano, thelathini, arobaini na tano.

"Arobaini, Mama Timo," Zebedayo akamsahihisha.

"Na tano umeipeleka wapi?"

"Tenisi haina hiyo tano."

"Kwangu ipo. Cheza."

Wakafika gemu mbili kwa mbili. Zebedayo ana arobaini na tano zake, Loisi ana thelathini. Umebaki mpira mmoja ashinde, yeye ambaye hajawahi kumshinda mtu. Loisi akaupiga juu sana, na upepo wa mlimani ukaja hapo hapo. Shuka langu likachanika kutoka pembe hadi pembe, likalala chini.

Loisi akaona uso wa baba mkwe. Akaanguka magotini, raketi akaiweka, kanga akajifunika kichwa kizima. Mpira ulikuwa unashuka polepole kwa Zebedayo, na mbele yake uwanja mtupu. Hata kuku angeusukuma ukapita. Aliinua raketi. Akautazama mpira, akaitazama ile kanga iliyopiga magoti. Kisha akageuka, akaupa uwanja mgongo, na mpira ukamwangukia begani.

Ezron alicheka mpaka akakaa chini.

"Umenigusa," Zebedayo akasema. "Pointi ni yake."

"Arobaini na tano kwa arobaini na tano," Tusekile akatangaza.

Ndani ya kanga ikatoka sauti. "Mama, mwambie baba asidhani nimemwogopa. Ule mpira ningeufikia."

"Mwambie mke wa Timotheo," Zebedayo akajibu, bado kageukia migomba, "kama si adabu yangu, saa hizi angekuwa analia."

Tusekile alisema wote wana masikio, yeye anakwenda kupika.

Jumatatu ukuta ukabomolewa. Zebedayo hakwenda kuuaga. Alikuwa nyuma ya shule anachimbia miti mirefu zaidi, anapiga mluzi, na sahani yake asubuhi ilirudi tupu.

Mpaka leo mechi imesimama sawa kwa sawa, inangoja shuka, na langu sasa ni madekio. Wewe uliyesoma mpaka hapa unalo la pili kabatini. Lilete, zito, la upana wa sita kwa sita, na usiniletee lenye viraka.