Rangi Iliyorudi

Nilimvunja mwanafunzi wangu vidole viwili kwa rula ya mbao ya mita moja, kwa sababu alisema rangi imerudi.

Nilikuwa nafundisha kemia katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kakamega. Jirani yangu wa mtaa wa Amalemba, fundi wa maabara katika chuo kikuu, alinipa chupa nne ndogo za dawa na karatasi ya maelezo. Ukizichanganya sawasawa, aliniambia, rangi itageuka kutoka nyekundu hadi buluu, irudi nyekundu, kisha buluu tena, yenyewe, bila mtu kuongeza kitu. Nilijaribu mara tatu. Kila mara mchanganyiko ulitulia kwenye rangi moja ukafa. Mara ya tatu darasa zima lilikuwepo, na nyuma kuna aliyecheka. Nikazirudisha chupa kabatini, nikawaambia karatasi ile imekosewa.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, nilimkuta msichana wa kidato cha tatu maabara peke yake. Alikuwa mtoto mpole kutoka Matungu, mwenye mazoea ya kuja na swali kengele ikishalia. Kabati lilikuwa wazi. Mbele yake palikuwa na sahani ya kioo yenye kimiminika chekundu.

"Madam, imekubali," alisema. "Nilitumia maji ya mvua. Ya mfereji yana klorini, nadhani ndiyo ilikuwa inaiharibu."

"Nani amekufungulia kabati?"

"Lilikuwa wazi. Lakini njoo uone, rangi inaenda na kurudi."

"Unaiba, halafu unanidanganya."

"Sidanganyi, Madam. Inarudi."

Nilichukua rula ya mita iliyoegemea ubao. Nilimpiga mgongoni, kisha begani. Nilipoiinua mara ya tatu hakukinga kichwa. Alinyoosha mkono juu ya sahani ili isimwagike, na rula ikatua kwenye vidole. Nilisikia mfupa. Ningependa kuandika kwamba niliacha hapo, lakini nilimpiga mara mbili zaidi, na hizo mbili ndizo zilizomwangusha.

Ndipo nikatazama ndani ya sahani. Katikati ya ule wekundu kulikuwa na nukta ya buluu. Ikapanuka ikawa duara, na ndani yake likazaliwa duara jingine, na jingine, yakitambaa polepole kuelekea ukingoni. Upande wa pili maduara mengine yalikuwa yanakuja. Yalipogusana hayakupita. Yalifutana pale pale, na nyuma yake mengine yakafika, nayo yakafutana. Msichana alikuwa sakafuni, ameukumbatia mkono wake, analia bila sauti. Niliitazama sahani muda mrefu kuliko nilivyomtazama yeye.

Mwalimu mkuu alimpeleka hospitali, kisha akaniita ofisini. "Andika kwamba sakafu ilikuwa na maji, akateleza," alisema. Nikaandika barua hiyo, nikatia sahihi.

Jumatatu mama yake alikuja ofisini kwa mwalimu mkuu. "Salaam aleikum, mwalimu," aliniambia, nami nikaitikia. Alikaa akasomewa ile barua mpaka mwisho.

"Mtoto wangu hasemangi uongo," alisema. "Amesema ni wewe."

Alisimama, akanizaba makofi mawili, kisha akanishika nywele akanigongesha paji la uso kwenye meza. Walimu wawili walimvuta. Damu ilinidondoka juu ya barua yenyewe, na mwalimu mkuu akaenda kuchapisha nakala nyingine ili niitie sahihi upya. Niliitia.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Jumamosi nikaenda Matungu bila kumwambia mtu. Baba yake alikuwa anakata miwa kando ya nyumba. Nilijitambulisha. Alinipiga kwa ubapa wa panga begani, halafu mbavuni, nikaanguka kwenye majani ya miwa yaliyonikata mikono. Aliinua panga tena, na safari hii sikujua kama ataligeuza upande wa makali.

"Muache," mke wake alisema kutoka mlangoni. "Aseme kwanza. Nataka nimsikie."

Msichana alitoka na mkono wenye plasta. Nikasema yote nikiwa nimekaa chini, kwa sababu nilishindwa kusimama.

"Uliona maduara?" aliniuliza.

"Niliyaona."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Na bado ukaandika kwamba niliteleza." Alinitazama kidogo. "Mimi siwezi kukusamehe, Madam. Labda mama ataweza."

Mama yake hakusema kama ataweza. Aliniletea maji ya kunawa damu, akaniambia niende kabla mume wake hajabadilisha nia.

Jumatatu niliandika barua ya kweli, nikaipeleka polisi mwenyewe, na nakala kwa mwajiri wangu. Nilifutwa kazi. Mahakama ilinipa kifungo cha nje, nikafagia uwanja wa hospitali miezi sita, nikipita kila asubuhi mbele ya chumba wanachofungia watu plasta. Mwalimu mkuu alihamishwa. Tukikutana mjini huvuka barabara.

Msichana anasoma shule nyingine, na bado anasoma kemia. Nilimpigia mama yake simu mara moja kuuliza hali ya mkono. Alisema kidole kidogo hakikunjiki, lakini kalamu anaishika. Kisha akaniomba, kwa upole, nisipige tena. Sijapiga.